Kipini cha pua: urembo ni jiwe, usalama ni milimita

KATIKA vibanda vya sokoni Muyinga, vipini vya pua huuzwa vikiwa vimechomekwa kwenye kipande kimoja cha kadibodi, kana kwamba pua za wanawake wote ni moja. Mnunuzi huchagua jiwe: jekundu, jeupe au la buluu. Ni nadra kumsikia anayeuliza urefu au unene. Gitega, ninakofundisha, hali ni hiyo hiyo, ila bei ni za mji mkuu.

Jiwe halimdhuru mtu. Kinachodhuru ni ule uti unaopita ndani ya nyama, ambao ukishavaliwa hauonekani tena.

Pambo hili lina historia ndefu kwetu. Lugha na mavazi ya pwani yaliingia Burundi kupitia Ujiji na kwa watu waliofuatana na Wajerumani, waliojenga kituo chao Gitega mwaka 1912. Hadi leo, vijijini, kipini huhesabiwa kuwa jambo la Waswahili. Sisi tuliorudi kutoka Tanzania tulitambuliwa kwa vipini kabla hatujafungua kinywa. Mimi nilizaliwa Katumba, makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972 karibu na Mpanda, na niliporudi mwaka 2009 mama mmoja wa ukoo aliniuliza kwa upole kama hicho kitu kinaweza kutoka. Kinaweza, nilimjibu, lakini hakitoki.

Huko Katumba tulitobolewa na jirani aliyetokea Ujiji. Alichemsha sindano, akapitisha uzi, akafunga kitanzi kilicholegea. Kipini kilikuja baada ya miezi kadhaa. Simshauri mtu arudie njia ile leo, wakati sindano mpya za hospitali zinapatikana. Hata hivyo uzi ule ulikuwa na faida moja: pua ilipovimba, uzi haukuibana.

Kipini cha dukani hubana. Binti wa kaka yangu, anayeishi Muyinga, alitobolewa wiki tatu kabla ya arusi yake. Aliwekewa kipini kifupi kilichokaa vizuri sana, na aliyekiweka akamsifia. Siku ya tatu pua ilivimba, ya tano nyama ilianza kulimeza jiwe. “Shangazi, sikioni tena,” aliniambia kwa simu. Kilitolewa zahanati kwa ganzi na kisu. Arusi ilifanyika, naye alikaa siku nzima ameushika mtandio usoni kwa mkono ule ule uliopakwa hina.

Kosa halikuwa kutoboa. Lilikuwa milimita moja na nusu hivi. Kwa pua iliyokwisha kupona, watu wengi hutoshelezwa na uti wa milimita 6.5 au 7. Pua mbichi inahitaji nafasi ya kuvimba, kwa hiyo huanza na milimita 8 au zaidi kidogo, kisha uvimbe ukishapungua mtu hubadilishiwa kifupi. Wengi hawapendi hatua ya kwanza kwa sababu kipini huonekana kimetokeza. Kitokeze tu. Lakini pia kisiachwe kirefu milele, maana kitanasa kwenye taulo na kwenye mtandio, na kila kinaponasa kidonda huanza upya. Kitobo cha pua huchukua miezi 4 hadi 6 kupona, wengine zaidi.

Kupima si kazi ngumu. Chukua rula ya mwanafunzi, laza kipini, anza chini ya jiwe hadi uti unapoishia au unapopinda. Jiwe halihesabiwi. Muuzaji akikataa usipime, nenda kibanda cha pili.

Unene una mtego wake, kwa kuwa hutajwa kwa geji, na geji huenda kinyumenyume. Waliowahi kuezeka nyumba wanalijua hilo: bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28. Kwa vipini, geji 20 ni milimita 0.8, na geji 18 ni milimita 1. Hivyo ndivyo vipimo vya kawaida vya pua. Geji 22, yenye milimita 0.6 na ushee, ni nyembamba mno kwa kidonda kipya. Ikibeba pambo zito hukata nyama taratibu, kama uzi unavyokata sabuni ya mche. Kinyume chake, kusukuma uti wa geji 18 kwenye kitobo cha geji 20 ni kuchana upya kilichopona.

Kwa anayenunua dhahabu, unene ni pesa. Tofauti ya milimita 0.8 na 1 inaonekana ndogo, lakini piga hesabu ya mduara: dhahabu ya uti huongezeka kwa zaidi ya nusu. Sonara mmoja wa hapa Gitega alicheka nilipomwandikia hesabu hiyo kwenye risiti yake, kisha akakubali kunitengenezea kwa kipimo changu. Asiyeweza dhahabu atafute titani inayotumika hospitalini. Vipini vya bei ya chini vinavyong’aa mara nyingi vina nikeli, ambayo huwasha ngozi za wengi. Umoja wa Ulaya uliiwekea mipaka kwenye mapambo ya mwilini mwaka 1994.

Hereni ya sikio isitiwe puani. Kile kibanio chake cha nyuma hukwaruza ndani na kukusanya uchafu.

Wasichana wengi hunionyesha kinundu kando ya kitobo na kusema ni keloidi. Keloidi ipo, na hutupata sisi weusi zaidi. Mwenye nayo katika familia amwone daktari kabla ya kutoboa. Lakini vinundu vingi ni hasira ya nyama inayosuguliwa na kipini kisichomfaa mtu. Hupakwa dawa ya meno na ndimu, wakati dawa yake ni kipini cha kipimo kingine. Pua ikitoa usaha na kuwa ya moto, nenda zahanati nacho kikiwa ndani, kwani ukikichomoa kitobo kinaweza kuziba juu ya usaha.

Hazama, yaani pete ya pua, isubiri hadi kitobo kipone, kwa sababu huzunguka na kuvuta. Hapo kata ukanda mwembamba wa karatasi, weka alama kutoka kitobo hadi ukingo wa pua, ulaze kwenye rula, ongeza milimita 1 au 2. Hicho ndicho kipenyo cha ndani cha pete itakayokumbatia pua. Wengi huangukia milimita 8. Anayetaka ining’inie kidogo achukue 10.