Mchezo wa Simu Unapotutuma kwa Mwenzetu

Kila mlezi wa vijana ameliona hili: taa zimezimwa, bweni limetulia, na chini ya blanketi kuna mwanga wa simu. Tunadhani kijana anapoteza muda tu. Lakini huenda anakimbia huzuni ambayo mchana hakuthubutu kuisema. Je, simu hiyohiyo yaweza kumsaidia?

Tuchukue mfano wa mchezo uitwao SuperBetter. Mwaka 2009 Jane McGonigal, Mmarekani anayebuni michezo ya kompyuta, aligonga kichwa na kupata mtikisiko wa ubongo. Hakuweza kusoma wala kufanya kazi, akakata tamaa hadi akawaza kujiua. Ndipo akajitungia mchezo wa kumsaidia kupona. Hatua ya kwanza ilikuwa kumpigia simu dada yake pacha na kumwomba acheze naye. Baada ya siku chache moyo ukaanza kuwa mwepesi, ingawa maumivu ya kichwa yalidumu zaidi ya mwaka.

Baadaye mchezo huo uliwekwa kwenye simu. Mchezaji hutaja “maadui” zake, yaani mambo yanayomrudisha nyuma, kama vile kukesha bila sababu. Huchagua mambo madogo yanayomtia nguvu: kunywa maji, kutembea kidogo, kumpigia mama simu. Hujipa kazi ndogo ya siku na hutafuta watu wa kumsindikiza. Huzuni hufanya kila kitu kiwe mlima. Kazi ndogo iliyokamilika humkumbusha mtu kwamba bado anaweza.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha matokeo ya utafiti wao kwa watu wazima 283 wenye dalili za sonona. Waliopewa mchezo huo kwa mwezi mmoja walipata nafuu kuliko waliobaki wakisubiri zamu yao. Hata hivyo, wengi waliacha njiani.

Katika nyumba zetu za malezi, wengi tunaogopa kusema “moyo wangu umechoka”, tusije tukaonekana hatufai kwa wito. Mchezo haumhukumu mtu, kwa hiyo ni rahisi kuanzia hapo. Lakini tusiishie hapo. Simu haisikii sauti inayotetemeka, wala haioni sahani iliyorudishwa na chakula chake. Asiyepata usingizi kwa majuma mawili anahitaji daktari, na anayewaza kujidhuru apelekwe hospitali leo hii, asiachwe peke yake. Sala na ushauri wa mlezi vimsindikize huko, visimzuie kwenda.

Kumbe sehemu bora ya mchezo huu ni ile inayotutoa kwenye simu na kututuma kwa mwenzetu. Basi usiku tukiuona ule mwanga chini ya blanketi, kabla ya kumnyang’anya kijana simu, tuketi kando yake tumwulize: “Ndugu, unaendeleaje?” Kisha tumsikilize.