Ndege iliyobadilishwa injini kukwepa ushuru

UKIPITA Katwe hapa Kampala, utakuta fundi ametoa injini ya gari moja na kuifunga katika gari la kampuni nyingine kabisa. Mwulize mwenye gari sababu, atakujibu kwa neno moja: pesa. Wapenzi wa ndege kuukuu za pangaboi wanajua kwamba mambo hayo yalifanyika hata kwa ndege za abiria, na mojawapo ilikuwa ikitua Entebbe.

Ni Canadair Argonaut. Mwili wake ulikuwa wa Douglas DC-4 ya Marekani, uliounganishwa Montreal, Kanada. DC-4 ilitumia injini nne za Pratt & Whitney zenye kupozwa kwa hewa. Wakanada waliziacha, wakafunga Rolls-Royce Merlin za Uingereza, zenye silinda 12 na radieta, za ukoo uleule ulioendesha ndege za kivita za Spitfire. Sababu mojawapo ilikuwa ushuru: injini ya Uingereza iliingia Kanada bila kutozwa forodha, ya Marekani ilitozwa. Nayo Uingereza, iliyotoka vitani haina dola, ikapata ndege ya Kimarekani bila kwenda dukani Marekani. Shirika lake la BOAC lilichukua 22. Mfanyabiashara wa Busia au Malaba hahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini rahisi ghali. Merlin ilikuwa na kelele mno, kwa sababu mabomba ya moshi ya upande wa ndani yalielekea kwa abiria. Aliyewahi kusafiri usiku katika basi lililotoboka ekzosi anaelewa. Shirika la ndege la Kanada likabuni bomba la kuvusha moshi juu ya injini hadi upande wa pili, na kelele zikapungua kiasi.

Februari 6, 1952, Elizabeth aliletwa Entebbe kutoka Nanyuki kwa Dakota ya East African Airways, baada ya baba yake, Mfalme George VI, kufariki. Mvua ya radi ikamchelewesha uwanjani. Ndipo akapanda Argonaut iitwayo Atalanta, akarudi London akiwa Malkia.

Mwaka 1957 East African Airways nayo ikanunua Argonaut tatu kuukuu kutoka BOAC. Ndizo zilizoifikisha London kabla ya jeti za Comet kuingia mwaka 1960.

Sisi tuliosoma ng'ambo ya mpaka tulisikia habari za shirika hilo kwa wazazi wetu. Lilianza mwaka 1946 na ndege sita ndogo za Dragon Rapide, likiwa mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Nilipowaeleza wanafunzi wangu, walidhani natunga hadithi. Mwaka 1977 lilivunjika, na mwaka huohuo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya.

Kati ya ndege 71 za ukoo wa Argonaut imebaki moja tu, katika jumba la makumbusho la Ottawa, ambako watu wa kujitolea wameikarabati kwa miaka mingi. Zetu tatu hazikubaki. Niliwaonyesha wanafunzi picha.

“Mwalimu,” akauliza mmoja, “walipogawana, Uganda ilipata ngapi kati ya zile tatu?”

Nikamwambia kwamba kufikia 1977 Argonaut zilikuwa zimekwisha kuondoka zamani. Zilizokuwapo ni VC10, DC-9 na Fokker. Akataka kujua hizo je, ziligawanywa vipi. Kengele ikalia kabla sijamaliza kujibu.