Safari ya Lamu na Mtoto Mwenye Usonji

Likizo za skuli zikaribiapo, katika baadhi ya nyumba zetu za Mwambao hutokea mgawanyiko usiotamkwa. Baba na watoto watatu hufunga mizigo kwenda Lamu kwa nyanya. Mama hubaki Mombasa na yule wa nne, mwenye usonji. Hakuna aliyewakataza. Ni kwamba tu katika harusi ya mwaka juzi mtoto alipiga mayowe, watu wakatazamana, na mama akaona heri abaki. Miaka hupita hivyo, na mjukuu haijui nyumba ya nyanyake.

Usonji si jini, wala si matunda ya malezi mabaya. Ni namna ambavyo ubongo umeumbwa kupokea sauti, mwanga na mguso, na aghalabu mabadiliko ya ghafla humtia mtoto hofu. Kumwombea dua mwanao ni jambo jema. Kumkusanyia jamaa ukumbini ili apungwe ni kumzidishia dhiki.

Basi la kwenda Mokowe, kupitia Malindi, Garsen na Witu, hula sehemu kubwa ya siku. Kinachomtaabisha zaidi mtoto wa namna hii huenda si urefu wa njia, bali kule kusimamishwa penye vizuizi vya askari, abiria washuke na vitambulisho mkononi. Aelezwe kabla, kwa picha katika simu: hili basi, huyu askari, hii mashua, hiki chumba utakacholala. Jaketi la kuokolea la kuvaliwa mashuani lapasa kuazimwa wiki moja mbele, alivae nyumbani kidogo kidogo, kwani nguo yenye kubana huweza kumfanya agome gatini.

Na hapa wazazi wengi husahau ruhusa waliyopewa. Msafiri huswali adhuhuri na alasiri rakaa mbili mbili, na anaweza kuzikusanya kwa wakati mmoja. Maghribi haipunguzwi, ila hukusanywa na isha. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, ukinuia kukaa siku nne kamili, mbali na ya kufika na ya kuondoka, ruhusa hiyo hukoma ufikapo. Njiani itumieni bila ya haya.

Lamu yenyewe inamfaa mtoto huyu kuliko watu wanavyodhani: vichochoro havina magari wala honi. Lakini msimpeleke wiki ya Maulidi ya Riyadha, mji unapofurika wageni na matari. Ombeni pia chumba kisichoelekeana na kipaza sauti cha msikiti, maana misikiti pale imekaribiana mno.

Wapo watakaonuna akiingizwa msikitini. Hao wakumbushwe kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliswalisha watu huku amembeba mjukuu wake Umama, na alikuwa akiifupisha swala asikiapo mtoto analia, kwa kumhurumia mamake. Hakuagiza mama atolewe nje.

Nyanya naye apigiwe simu mapema. Aambiwe kwamba mjukuu huenda asimpe mkono wala asikubali kukumbatiwa, na kwamba wali mweupe uliokuja naye ndani ya mkebe ndio chakula chake. Biriani isiwe sababu ya kuvunjika moyo. Akimkuta barazani anawatazama punda wakipita, na aketi kando yake, awatazame naye.