Mvinyo Mwekundu Si Dawa ya Moyo

Kuanzia Kinondoni hadi Mbagala, wapo wanaoamini kwamba mvinyo mwekundu huongeza damu na kulinda moyo. Imani hiyo ya moyo ilipata nguvu mwaka 1992, Serge Renaud na Michel de Lorgeril walipoandika kwamba Wafaransa hula mafuta mengi lakini hawafi sana kwa maradhi ya moyo, na kwamba huenda mvinyo ndio sababu. Kasoro iko kwenye ulinganisho. Katika tafiti nyingi zilizolinganisha wanywaji na wasiokunywa, kundi la wasiokunywa lilijumuisha watu walioacha pombe kwa sababu ya ugonjwa, na wanywaji wa kiasi mara nyingi walikuwa na kipato na lishe bora. Mambo hayo yakizingatiwa, faida hupungua mno.

Zabibu zina kemikali za kinga, ni kweli. Lakini hizo zimo katika tunda lenyewe, bila kileo ambacho tangu 1988 kimetajwa rasmi kuwa kisababishi cha saratani. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema hakuna kiwango kisicho na madhara. Wako watakaotetea gumzo la jioni na riziki ya wakulima wa zabibu wa Dodoma, nami naiheshimu hoja hiyo: anayekunywa glasi moja kwa starehe anajiongezea hatari ndogo. Kinachoniuma ni mgonjwa wa presha anayenunua chupa kwa fedha ya vidonge.