Je, Wajua? Mchezaji Mmoja, Timu Nzima

Je, wajua kwamba Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani ina timu 30, na kila timu lazima iwe na angalau mchezaji mmoja katika mechi ya nyota ya kila mwaka, hata kama inaburuta mkia? Mechi hiyo ilianza Chicago mwaka 1933.

• Heshima kubwa ya klabu kwa mchezaji ni kustaafisha namba yake ya jezi, yaani asiivae mwingine tena. Wa kwanza alikuwa Lou Gehrig wa New York Yankees, namba 4, mwaka 1939. Leo Yankees wamestaafisha namba zote kuanzia 1 hadi 9.

• Namba 42 ya Jackie Robinson, Mmarekani Mweusi aliyevunja ubaguzi wa ligi akiwa na Brooklyn Dodgers mwaka 1947, ilistaafishwa kwa timu zote mwaka 1997. Kila Aprili 15 wachezaji wote huivaa kwa siku hiyo moja.

• Ukuta wa upande wa kulia wa uwanja wa Pittsburgh Pirates una kimo cha futi 21, kwa heshima ya namba ya jezi ya mchezaji wao Roberto Clemente. Mzaliwa huyo wa Puerto Rico alifariki kwa ajali ya ndege Desemba 31, 1972, akipeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la ardhi Nikaragua.

• Mwaka 2015 mashabiki walipiga kura kuchagua wachezaji wanne wanaoiwakilisha vyema historia ya kila timu. Kwa Pirates, Clemente hakukosekana.