Kompyuta ya gari: maswali manne kabla fundi hajaweka programu upya

Taa ya injini inawaka na gari halina nguvu. Fundi anachomeka mashine, anatazama, kisha anasema: "Kompyuta imeharibika, lazima tuweke programu upya." Kama unaishi kwa kubeba abiria au mizigo, usikubali kabla ya kuuliza.

Kazi hii ni nini?

Magari mengi yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani yana kompyuta inayopima mafuta yanayoingia kwenye injini. Chini ya dashibodi, upande wa dereva, kuna soketi ya pini 16 ambapo fundi huchomeka mashine yake. Kusoma makosa hakubadilishi kitu. Kuweka programu upya ni kufuta ya zamani na kuandika nyingine. Kazi ikikatika katikati, gari linaweza lisiwake tena.

Muulize fundi:

1. Umepima nini kwanza? Namba ya kosa huonyesha mahali pa kuanzia tu. Waya uliokatika, fyuzi iliyoungua, sensa chafu au betri dhaifu vinaweza kuleta dalili zilezile. Kufuta kosa huzima taa, lakini chanzo kikibaki itawaka tena.

2. Utahifadhi nakala ya programu ya zamani? Mpya ikikataa, nakala hiyo ndiyo njia ya kurudi nyuma.

3. Umeme ukoje? Betri nzima iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Wakati wa kazi iungwe kwenye chaja yenye umeme tulivu, na taa, redio na feni zizimwe. Siku ambayo umeme unakatikakatika, ni heri kungoja.

4. Kompyuta ya gari jingine italingana na ufunguo wangu? Magari mengi yenye kinga ya wizi hukataa kuwaka mpaka kompyuta na ufunguo vilinganishwe.

Kabla ya kulipa

Beba kadi ya gari. Fundi anayeiomba kabla ya kugusa funguo hakudharau. Anajilinda asihudumie gari la wizi. Patana bei, na pia nani atabeba hasara kazi ikiharibika. Muandikiane, au awepo shahidi. Ukibadilishiwa kompyuta, ondoka na ile ya zamani: fundi mwingine anaweza kuhitaji kusoma yaliyomo.

Fundi asiyetaka kujibu maswali haya, mshukuru na upeleke gari kwa mwingine.