Kiweko cha Upanga wa Zamani

Leo tutashika msumeno na randa, lakini tutasoma pia.

Mwenzetu mmoja ameniletea swali. Babu yake alikuwa askari wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Alipoacha kazi, afisa wake alimpa upanga wake wa gwaride. Babu amekwisha kufa. Upanga umekaa miaka mingi ndani ya ala yake ya ngozi, juu ya kabati. Juzi waliuchomoa, wakakuta kutu. Sasa anauliza, atengeneze kiweko cha namna gani ili upanga uonekane, nao usiharibike?

Kwanza tuujue upanga wenyewe. Maafisa wa askari wa miguu wa Uingereza walitumia upanga wa namna iliyowekwa mwaka 1897. Ni mwembamba, umenyooka, na chuma chake kina urefu wa sentimita 82 na zaidi kidogo. Pamoja na mpini ni karibu mita 1. Mpini una kinga ya chuma inayofunika mkono kama bakuli, na katika kinga hiyo zimetobolewa herufi. Hapa ndipo kusoma kunapotufaa. Ukiona VR, hizo ni herufi za Malkia Victoria, aliyekufa mwaka 1901. Herufi E, R na tarakimu VII ni za Mfalme Edward wa saba, aliyetawala toka 1901 mpaka 1910. G, R na V ni za Mfalme George wa tano, 1910 mpaka 1936. Angalia jinsi V inavyofanya kazi mbili: kwa Victoria ni herufi ya jina, kwa George ni tarakimu ya Kirumi, yaani tano. Tena, kama upanga ulitoka katika kiwanda cha Wilkinson cha London, tazama mgongo wa chuma karibu na mpini, huenda ukaona namba. Kwa namba hiyo mwaka wa upanga waweza kujulikana.

Kwa hiyo upanga huu ni kama barua. Michoro iliyo juu ya chuma chake haina kina. Kutu ikiila, au mtu akiisugua kwa msasa, barua imefutika, na hakuna fundi atakayeirudisha. Usichukue msasa, wala ndimu na majivu kama tusafishavyo sufuria. Chukua kitambaa laini cha pamba, kitie mafuta ya cherehani kidogo, upanguse polepole. Doa jeusi lisilotoka, liache.

Sasa, kwa nini kutu iliingia wakati upanga ulikuwa umefunikwa vizuri? Sababu ni ala yenyewe. Ngozi hunywa unyevu wa hewa ikaushika, na dawa zilizotumika kuitengeneza huacha asidi inayokula chuma. Watu wa Tanga, Mombasa na Lamu wana taabu zaidi, maana upepo wa bahari huleta chumvi. Basi kiweko chetu kitakuwa na nafasi mbili: juu upanga ulio wazi, chini ala yake tupu.

Mbao nazo zina tabia zake. Niwaambie lililonipata. Kiweko changu cha kwanza nilikitengeneza kwa mbao mbichi, kwa haraka, nikakipigilia misumari. Masika yalipokwisha mbao zilijipinda, nguzo moja ikainama upande, na usiku mmoja upanga wa jirani yangu ukaanguka sakafuni. Ncha ikapinda. Niliomba radhi, naye akaipokea, lakini ncha haikunyooka.

Tafuta mninga uliokauka sawasawa. Mninga haunyweki wala haujipindi sana, na randa hupita juu yake vizuri. Mvule pia wafaa. Usitumie mbao yenye harufu kali wala boriti ya mkoko, kwa sababu mvuke na maji ya miti hiyo hudhuru chuma.

Utahitaji vipande vitatu tu. Kitako kiwe na urefu wa sentimita 60, upana 20, unene 3. Nguzo mbili, kila moja urefu 28, upana 12, unene 2.5. Nyuzi za mti katika nguzo ziende juu na chini, zisiende upande, ama sivyo pembe za juu zitavunjika.

Usikate bado. Chora nguzo kwanza juu ya karatasi ngumu, kama ya boksi, uikate kwa mkasi, kisha ujaribu upanga juu yake. Karatasi ikikosewa hatulii.

Nguzo ya kwanza itashika mpini, nguzo ya pili itashika chuma. Kati yao acha sentimita 45. Upanga utalala kwa mgongo, makali yakitazama juu, kwa sababu makali yakitazama chini yataukata mti na mti utayaharibu makali. Mgongo wa mpini una ukanda wa chuma, huo ndio utakaobeba uzito. Kwa njia hii namba niliyoitaja haiguswi na kitu.

Juu ya kila nguzo kata mfuo wenye kina cha sentimita 7. Katika nguzo ya mpini mfuo uwe na upana wa sentimita 4 hivi, katika nguzo ya chuma uwe mwembamba, sentimita 1.5 yatosha. Lakini upana huu upime katika upanga wako, usiniamini mimi. Chuma kina upana wa sentimita 2.5 hivi, basi kitazama chote ndani ya mfuo wake. Kisha, upande wa mbele wa kila nguzo, sentimita 8 juu ya kitako, kata mfuo mwingine unaoingia ndani kwa kushuka kidogo, kina cha sentimita 4. Hapo ndipo ala itakapolala.

Chini ya kila nguzo acha ulimi wa urefu wa sentimita 3, upana 8, unene 1. Toboa kitako kwa keekee, uchonge tundu la ulimi kwa patasi, ukianzia juu mpaka katikati, halafu ugeuze kitako uchonge kutoka chini. Ukichonga kwa upande mmoja tu, mti utapasuka ukitokea upande wa pili. Ulimi uingie kwa kugongwa kidogo na nyundo ya mti. Ukiingia kwa kidole tu, umekwisha kukosea. Tia gundi, hakikisha nguzo zimesimama sawa, uache mpaka kesho.

Limebaki jambo moja, na kwangu mimi ndilo kubwa. Ndani ya nyumba mna watoto. Panga nyingine za maafisa zilinolewa wakati wa vita, na hata ile isiyonolewa ina ncha. Toboa tundu katika pembe mbili za nguzo ya mpini, sentimita 5 juu ya sakafu ya mfuo, kisha chonga kijiti kigumu cha kupita humo. Kijiti kitapita mahali pa vidole, kati ya mpini na kinga. Kikiwa ndani, upanga hauinuki, haurudi nyuma, hauendi mbele. Kiwe kigumu kukichomoa, na kitako ukifunge kwa parafujo mbili juu ya rafu iliyo juu ya kichwa cha mtu mzima. Rafu isiwe karibu na jiko wala dirisha la jua.

Sugua mbao kwa msasa, upake mafuta ya kitani mara mbili. Vitambaa ulivyopakia usivirundike pembeni! Mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na vitambaa vilivyorundikwa huweza kuwaka moto vyenyewe bila kiberiti. Vianike kimoja kimoja nje, au uvitie ndani ya maji. Kiache kiweko wiki tatu au nne mpaka harufu iishe. Kisha tandika kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa ndani ya kila mfuo. Usitie sufu wala ngozi, maana hushika unyevu.

Unapouweka upanga, ushike kwa kitambaa. Jasho la mkono lina chumvi, na alama ya kidole huweza kugeuka kutu. Mara moja kila mwezi uteremshe, uupanguse kwa mafuta, ukitumia nafasi hiyo kukagua kama nguzo zimesimama bado.

Kazi ya wiki hii: chora nguzo ya mpini juu ya karatasi ngumu kwa vipimo vyake kamili, uandike kila kipimo mahali pake. Asiye na upanga atumie fimbo ya mita 1. Mwenye upanga aandike pia herufi alizoziona katika kinga na miaka ya mfalme au malkia wake, alete darasani.